MJADALA: Wasomali wa Kenya wahesabiwe upya, au tungoje sensa ya 2029?

Mwana wa Ijara (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, naliweka hili hapa tulijadili bila matusi. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliyatupilia mbali matokeo ya sensa ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa, ikaagiza watu wahesabiwe upya. Shauri likaenda rufaa. Tangu hapo, kila siasa ikipamba moto utamsikia mmoja akisema Wasomali wamejaza namba, na mwingine akijibu kwamba wamepunguzwa. Msimamo wangu nausema mapema nisionekane nawazunguka: hesabu irudiwe. Ila sababu zangu si zile za wabunge wetu.

Anzeni na namba zenyewe. Uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao ndizo kaunti hizo tatu za leo, ulihesabiwa watu 373,787 mwaka 1979. Mwaka 1989 ukahesabiwa 371,391. Soma tena. Miaka kumi imepita, Kenya nzima imetoka watu milioni 15.3 hadi milioni 21.4, na mkoa ambao mama kuwa na watoto saba si habari ya kumshtua mtu, umepungua watu elfu mbili na ushei! Mwaka 1999 ukaruka hadi 962,143. Mwaka 2009 ukafika 2,310,757. Mwaka 2019, kaunti tatu zikijumlishwa, 2,490,073.

Mtiririko huo hauelezeki kwa uzazi na vifo pekee. Kuna namba za uongo humo ndani. Lakini wengi wanaojadili jambo hili huanzia 2009, kana kwamba kabla ya hapo kila kitu kilikuwa safi. Mimi nawarudisha nyuma kidogo.

Muongo ule wa 1979 hadi 1989 ndio wa Wagalla. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakawekwa juani bila maji na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilikiri watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kusema huenda walikaribia 1,000, na ukiuliza wenyeji watakutajia zaidi. Sheria za hali ya hatari zilizoanza na vita vya shifta, uasi wa Wasomali wa kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia miaka ya 1960, zilikuwa zingali zinatumika kaskazini. Hazikuondolewa hadi 1991. Agosti 1989 ikaja sensa. Novemba mwaka huo huo serikali ikatangaza kuwachuja Wasomali, raia mbali na mgeni mbali, na waliopita mchujo wakapewa kadi ya waridi ya kutembea nayo. Katika hali hiyo, ni nani alikuwa na hamu ya kumfungulia mlango mtu wa serikali aliyeshika karatasi na kuuliza mko wangapi humu?

Matokeo ya 1989 hayakufutwa. Sikumbuki waziri yeyote aliyejitokeza kusema mkoa mzima umepotea watu, turudie. Namba ilikuwa ndogo, na namba ndogo haikumsumbua mtu Nairobi.

Tarehe 31 Agosti 2010 ndipo Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, aliposimama na kufuta matokeo ya sensa ya 2009 ya wilaya nane: Mandera tatu, Wajir Mashariki, Lagdera, na tatu za Turkana. Sababu alizotoa zilikuwa za kitaalamu na hazikuwa za kipuuzi: ongezeko lisilolingana na vizazi na vifo, kaya zilizovimba, umri na jinsia visivyokaa sawa. Angalieni lakini kilichofuata mitaani. Waturkana walitiliwa shaka kwa kosa lile lile na hakuna aliyewaita wageni. Wasomali ndio walioambiwa wamevuka mpaka.

Na hapa ndipo ninapoona jambo kubwa kuliko viti vya bunge. Dola ambayo kwa miaka mingi ilimwambia kijana wa Mandera alete babu yake, alete chifu, akae mbele ya wazee wa kumpiga msasa kabla ya kupata kipande, yaani kitambulisho, dola hiyo hiyo inamlaumu kwamba hajulikani idadi yake. Msasa huo umefutwa kwa tamko la Rais alilotia saini Wajir Februari 2025. Tuseme ni sawa. Waliokaa bila kipande kwa miaka yote hiyo wako kwenye hesabu ipi?

Karibuni.

Mzee Kieni

Bwana Ijara umeandika vizuri, ila Mandera umeipita mbio. Mandera peke yake ilikuwa na watu 250,372 mwaka 1999. Mwaka 2009 ikawa na 1,025,756. Hiyo ni zaidi ya mara nne kwa miaka kumi, wastani wa asilimia 15 kila mwaka. Sawa, tuseme 1999 walikosekana nusu nzima ya watu, kwamba kweli walikuwa laki tano. Bado kutoka laki tano hadi milioni moja ni asilimia 7 kwa mwaka. Hakuna jamii duniani inayozaliana hivyo. Kwa hiyo aidha watu waliingia kutoka Somalia, au namba iliandikwa chini ya mti. Chagua.

Halafu 2019 ikashuka hadi 867,457. Watu zaidi ya laki moja na nusu wamekwenda wapi? Hakukuwa na vita Mandera ya kuwafukuza wote hao. Walioshuka hawakuwahi kuwepo.

Nikisema hivi naambiwa nina chuki. Sina. Nina hesabu. Kanuni ya kwanza ya kugawa pesa za kaunti ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu. Ukiandika mtu hewa Mandera, umetoa shilingi kwenye zahanati ya mtu halisi mahali pengine. Na hata baada ya kanuni kubadilishwa, mgao wa 2021/22 uliipa Mandera takriban bilioni 11.2, Kiambu yenye watu 2,417,735 ikapata takriban bilioni 11.7. Ndiyo maana huku kwetu watu wanadai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Mnatuona wabaya bure.

Handeni Kwetu

Habari za jioni wakuu. Mimi Mtanzania, nasoma tu huku najiuliza: kwani lazima muulize kabila? Sisi sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967. Mwaka 2022 tumehesabiwa milioni 61.7 na hakuna anayejua Wasukuma ni wangapi wala Wasomali wa Arusha ni wangapi, na maisha yanaendelea. Futeni hilo swali, nusu ya ugomvi wenu itakwisha.

Na la pili, huku mkoani Tanga kuna makazi ya Chogo. Wanaokaa pale walikuja kutoka Somalia baada ya vita vya 1991, lakini ni Wazigua. Mababu zao walichukuliwa kutoka huku karne ya 19, wakafikishwa bonde la Juba, wakafanywa watumwa. Walipofika Tanga wanazungumza Kizigula cha wazee, watu wa huku wakaelewana nao. Zaidi ya elfu moja wamepewa uraia wa Tanzania. Sasa niambieni, hao kwenye hesabu yenu ya Wasomali mnawaweka wapi? Wenzao wengi wamepelekwa Marekani, na kule wanaandikwa Wabantu wa Kisomali.

Mwana wa Ijara

Handeni, karibu. Kufuta kabila hakutasaidia Mandera, kwa sababu kesi haikuwa ya kabila, ilikuwa ya kaunti. Hata fomu isiyouliza kabila, kila Mkenya anajua Mandera wanakaa akina nani. Shaka itabaki pale pale, ila itakuwa haina jina.

Mzee Kieni, swali lako la kuchagua nalikubali nusu. 2009 namba ya Mandera ilijazwa, sibishani. Ninachokataa ni kuifanya 1999 ndiyo kipimo cha haki. Ukianzia 1989, iliyopunguzwa, kila namba inayofuata itaonekana ya wizi. Ukiwa na deni la miaka ishirini la watu ambao hawakuandikwa, siku watakapoandikwa wote kwa pamoja utaona mruko. Juu ya mruko huo wajanja wakaongeza lao. Ni vitu viwili, na serikali haijawahi kuvitenganisha.

Kuhusu bilioni za Kiambu na Mandera: Waraka Namba 10 wa 1965 ulisema pesa ziende kwanza kwenye maeneo yenye rutuba na mvua ili faida ije ienee kwingine. Mandera mjini hapakuwa na lami mpaka ugatuzi ulipokuja. Shilingi moja kwa mtu mmoja ingekuwa haki kama tungeanza mbio pamoja mwaka 1963.

Karani wa Zamani

Nimesoma nikaona niseme, kwa sababu nyote mnazungumza habari ya namba na mimi nimezigusa. Nilikuwa karani wa sensa katika moja ya kaunti hizo 2019. Sitaji eneo.

Kwanza mjue sensa ya Kenya inahesabu aliyelala nchini usiku ule, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Haiulizi kipande. Mkimbizi, mgeni, raia, wote wanaingia. Anayesema "wamehesabu wageni" hajasema kosa, amesema utaratibu. Kosa ni kuandika asiyekuwepo.

Sasa, asiyekuwepo anaandikwaje? Siyo lazima kwa hila. Unafika kwa mzee, ana wake watatu, mmoja yuko pale, mmoja yuko mjini, mmoja amekwenda na ngamia. Unauliza waliolala hapa jana. Anakutajia wote. Unamwambia hapana, waliolala hapa. Anakuangalia kama umemtusi. Kwake yeye kumwacha mtoto nje ya karatasi ni kumkana. Mtoto aliyeko shule Nairobi, aliyeko Afrika Kusini dukani, aliyeko Minnesota, wote ni wake. Na ana jambo lingine kichwani: ukoo wa pili wanaandika wao wote, kwa nini yeye aandike nusu? Pale watu hawashindani na Kiambu. Wanashindana na jirani, Garre na Degodia, kata na kata, nani apate mwakilishi wadi na nani apate kisima. Watu wa Nairobi wanadhani Wasomali walikaa kikao kimoja wakapanga. Wangekuwa wanakaa kikao kimoja, Mandera isingekuwa na mapigano ya koo kila baada ya miaka michache.

Upande wa pili, aliyekuwepo anakosekanaje? Hili ndilo lisilosemwa. Kuna sehemu hatukufika kwa sababu za usalama. Baada ya shambulio la basi la Mandera Novemba 2014 na Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, hata walimu wasio wenyeji walihamishwa, sembuse karani mwenye kishikwambi cha serikali mkononi. Tuliambiwa wafugaji tuwakute kwenye visima. Agosti ni kiangazi. Wenye mifugo mikubwa wako mbali, wengine wamevuka kwenda upande wa Ethiopia kutafuta malisho. Kisimani unakuta waliobaki.

Ndiyo maana kule Garissa, Balambala ikaandikwa watu 32,257 na Lagdera 50,315. Mtu aliyewahi kufika Lagdera na akaamini namba hiyo, nitamshangaa. Wakati huo huo kuna kata nyingine ambazo namba zake zilinona. Kwa hiyo Mzee Kieni ana haki, na Mwana wa Ijara ana haki, na jumla ya kaunti inaweza kuonekana ya kawaida huku ndani yake imeoza pande mbili.

Wajir hadi Cardiff

Karani amemtaja mtoto wa Minnesota, mimi ndiye mtoto mwenyewe ila niko Wales. Mzaliwa wa Wajir. Sensa ya Uingereza ya 2021 ina kipengele cha kuandika asili yako mwenyewe, na waliojiandika Wasomali England na Wales walizidi 170,000. Mimi nimo. Lakini mimi si wa Somalia, sijawahi kufika Mogadishu. Kadhalika sina hakika kwamba mzee wangu hakuniandika Wajir 2019. Yaani nimehesabiwa Msomali wa Uingereza kwa fomu halali, na huenda Mkenya wa Wajir kwa mapenzi ya baba.

Hapa Cardiff Wasomali si wa jana. Mabaharia walianza kuja karne ya 19, wengi kutoka upande wa Berbera kupitia Aden, wakifanya kazi ya kutia makaa kwenye meli. Wajukuu wao leo hawajui hata Kisomali vizuri, wanajiandika vile vile. Sisi tuliokuja kupitia Kenya wanatuita masijui, kwa utani na pengine si utani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "Wasomali walioko nje ni kadhaa", muulize anahesabu nini. Ukihesabu waliozaliwa Somalia wakawa wanaishi nje yake, makadirio ya 2015 yalikuwa takriban milioni 2, na karibu thuluthi mbili yao hawakuwa Ulaya wala Marekani, walikuwa nchi jirani, Kenya na Ethiopia wakiongoza. Hesabu hiyo haimtambui mtoto aliyezaliwa Minneapolis, wala mimi niliyezaliwa Wajir. Ukihesabu kwa kujitambua, unapata namba nyingine kabisa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2011 ukame ulipochapa, kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilifikia karibu watu nusu milioni. Majirani zetu, Wakenya wenye ng'ombe waliokufa, walikwenda kambini wakaweka alama za vidole ili wapate unga na matibabu. Wengine walikuwa watoto, walipelekwa na mama zao. Wamekua, wamekwenda kuomba kipande, mashine inasema wewe ni mkimbizi. Makumi ya maelfu wako hivyo. Binamu yangu ni mmoja, amezungushwa na ofisi moja ya usajili mpaka akakata tamaa ya chuo. Mzee Kieni, hao ni wageni walioingia kwenye namba yako au ni raia waliotoka?

Handeni Kwetu

Swali la mtu asiyejua: Wasomali wote kwa jumla ni wangapi basi?

Wajir hadi Cardiff

Hakuna anayeweza kukupa namba moja, Handeni. Somalia ilifanya sensa 1975 na nyingine katikati ya miaka ya 80 ambayo matokeo yake yalizua ubishi na hayakuchapishwa yote. Baada ya hapo, vita. Mwaka 2014 shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu lilitoa makadirio ya milioni 12.3, Somaliland ikiwemo kwa milioni 3.5, nayo Somaliland haitaki kuhesabiwa humo. Ethiopia sensa yao ya mwisho ni 2007, jimbo la Wasomali lilikuwa na watu milioni 4.4. Djibouti inahesabu watu lakini haitangazi nani Msomali nani Mwafari. Kenya 2019, waliojitaja Wasomali ni 2,780,502, na ndiyo kabila la sita nchini.

Jumlisha mwenyewe, ila usimwambie mtu nimekwambia mimi. Miaka haifanani, njia hazifanani, na pale Mandera mtu anaweza kuamka Kenya, akanywa chai Bula Hawa upande wa Somalia na mchana akawa Ethiopia.

Binti Barawa

Hodi jamani. Naandika kutoka Mombasa. Nimemsikiliza Handeni na Wazigua wake nikasema na sisi tusiachwe.

Wazazi wangu ni wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Kwetu twasema Chimwini, ambacho ukikisikia, ewe Mswahili, utakijua ni nduguyo. Vita vilipoingia 1991, watu wa Barawa walipanda majahazi hadi Mombasa. Walikaa kambi za hapa hapa pwani mpaka zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 90, wengine wakapelekwa Marekani, wengine Uingereza, wengine wakajitia mitaani Old Town wakawa Waswahili kama wenzao. Hao mwisho hao, sensa ya Kenya yawaandika nini? Mamangu alijibu "Mswahili". Ndugu yake wa Garissa alijibu "Msomali". Tumbo moja!

Na Wabajuni je? Wa visiwa vya Chula na Koyama ni wa Somalia, wa Faza na Kizingitini ni wa Kenya, na wameoana tangu zama za zama. Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza walipimwa kwa ndimi zao, wasikilizwe kama wasema Kibajuni cha Somalia au cha Kenya. Watu wamerudishwa kwa lafudhi.

Bwana wa Cardiff asema Somalia haina namba. Ina moja. Ile ya 4.5, ya kugawana viti vya bunge: koo nne kubwa kila mmoja fungu zima, na sisi wengine wote, Wabarawa, Wabantu wa Juba, na wadogo wengine, tukapewa nusu fungu. Hakuna aliyetuhesabu ndipo akapata nusu. Walitoa nusu kwanza. Basi nikisikia wakubwa wa Kisomali wa Kenya walalamika wamepunguzwa, nawaonea huruma, ila pia natabasamu kidogo.

Section Two

Mnaongea Mandera, Mandera. Mimi wa Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi. Sensa ikikaribia, mabasi yanajaa watu wanarudi nyumbani kuhesabiwa, na hiyo si Wasomali tu, Wakisii wanaenda, Waluhya wanaenda. Wanasiasa wote wanaita watu wao. Aprili 2014, katika msako wa polisi, tulikusanywa mpaka uwanja wa Kasarani, wengine wakiwa na kipande mfukoni, wakalala huko siku kadhaa. Siku hiyo hesabu yetu ilijulikana vizuri sana.

Mzee Kieni

Sawa. Nimesoma wote na nimejifunza kuhusu vidole vya Dadaab, hilo sikulijua kwa ukubwa huo, na nasema ni dhuluma. Lakini tusichanganye huruma na namba. Kuna viti. Ukigawa Wakenya wa 2019 kwa maeneobunge 290, kila moja linapaswa kuwa na watu kama 164,000. Kwa kipimo hicho Mandera inastahili viti 5.3, Wajir 4.8, Garissa 5.1. Jumla 15 na kidogo. Mnavyo 18. Mbona hiyo haisemwi? Hii kesi yote ya kuhesabu upya ni ya kuokoa viti vitatu.

Mwana wa Ijara

Inasemwa, na wabunge walioipeleka kesi wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi sote. Ndiyo maana mwanzo nilisema sababu zangu si zao.

Ila umeisoma katiba nusu. Kifungu cha 89 kinaruhusu eneobunge la sehemu yenye watu wachache waliotawanyika lipungue hadi asilimia 40 chini ya wastani. Hiyo ni kama watu 98,400. Wastani wa Mandera kwa viti sita ni 144,600, Wajir 130,200, Garissa 140,200. Kaunti kwa jumla zimo ndani ya sheria hata kwa namba za 2019. Zilizo hatarini ni kama Balambala na Lagdera, zile zile ambazo Karani anatuambia hazikufikiwa ipasavyo. Kwa hiyo mtu wa Balambala anaweza kupoteza mwakilishi kwa sababu kiangazi kilimpeleka mbali na kisima. Huyo ndiye namtetea. Kata zilizonona zikipungua katika hesabu hiyo hiyo, zipungue.

Na nisingetaka hesabu ya kaunti tatu peke yake. Kuihesabu kaskazini mashariki upande, kana kwamba ndiyo pekee yenye uongo, ni kurudia mchujo wa 1989 kwa adabu. Turkana ilifutwa pamoja nasi 2010. Ihesabiwe. Section Two amesema habari za mabasi. Basi na mitaa ya Nairobi yanakotoka mabasi hayo ihesabiwe usiku huo huo, tuone nani ameandikwa mara mbili. Na kabla ya yote, majina yaliyokwama kwenye daftari la wakimbizi yasafishwe, kwa sababu mtu anayeogopa kwamba kujitaja kutamfanya mgeni hatajitaja.

Mzee Kieni

Nakubali irudiwe, kwa masharti. Makarani watoke kaunti nyingine, na namba ikishuka mnyamaze.

Mwana wa Ijara

Na ikipanda, Mzee?

Mzee Kieni

Ikipanda tuonane kortini.

Karani wa Zamani

Kabla ya korti chagueni mwezi. Karani wa kutoka nje hatajua hata njia ya kisima, atahitaji mwenyeji wa kumwongoza, na mwenyeji ana ukoo, kwa hiyo sharti hilo la Mzee litahitaji waongozaji wawili wa koo tofauti katika kila timu. Hilo linawezekana. Lakini mkirudia Agosti, mtapata Agosti. Shule zimefungwa, walimu wapo wa kuajiriwa, najua ndiyo sababu ya kuuchagua. Kaskazini mvua za masika zikishaisha, Mei hivi, mifugo iko karibu na watu wako na mifugo. Kuna yeyote humu anayejua kama mwezi umewahi kujadiliwa kwenye hiyo kesi?